Kideri Hakiui Bata

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Ziada alikuwa ameshafungua ghala, amefagia mlangoni, amelichoma gunia la tatu kutoka chini kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, na kumimina punje za mahindi kiganjani. Alizinusa kwanza. Kisha akazitia kwenye chupa ya soda aliyoianika juani tangu jana, akaongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, akafunga kizibo na kutikisa huku akihesabu kimoyomoyo mpaka sitini. Akaiweka dirishani, akaendelea na kazi nyingine, maana chupa haitaki haraka. Ikipita robo saa ukakuta chumvi imetulia chini na chupa ni safi, mahindi yamekauka. Ukikuta imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji, na ukiyafungia hivyohivyo kwenye salfeti unafuga kuvu.

Kazi hiyo alikuwa akiifanya kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Alifundishwa na bwana shamba mmoja ambaye alihamishwa zamani, na tangu hapo kijiji kizima kilimwita Mama Chumvi, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Kikundi chao cha wakulima kilikuwa na mashine ya kupimia unyevu, tena nzuri, yenye kioo cha namba kama cha simu. Ililetwa na mradi. Betri zake ziliisha mwaka uleule, na Nassir, mwenyekiti wa kikundi, akaifungia kabatini ndani ya boksi lake ili isichafuke. Wakija wageni huonyeshwa boksi.

Alipoirudia chupa, chumvi ilikuwa imeganda kutoka chini mpaka shingoni. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomuudhi. Magunia haya yalikuwa mabaki ya mzigo uleule wa mwanzo wa msimu uliopelekwa shuleni, na chumvi ya siku ile nayo iliganda vivi hivi, na yeye ndiye aliyesaini.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa kukata. Watu wa Msowero na vijiji vya jirani walivuna mahindi yakiwa bado na ubichi, wakayapukuchua mvua ikinyesha na kuyaleta ghalani yakiwa na joto la kuvundika. Siku za kawaida Ziada angeyarudisha yakaanikwe. Lakini Nassir alikuwa ameshaahidi magunia arobaini kwa shule ya kijiji, kwa ajili ya mpango mpya wa chakula cha mchana. Shule ikianza vizuri na uzinduzi ukifana, kikundi kitapewa kazi ya kulisha shule nyingine zote pia mpaka kule Mikumi. Hayo Nassir aliyasema kwenye mikutano mitatu, na kila mkutano watu walipiga makofi.

"Mama Chumvi, usitutie nuksi," alimwambia siku ile. "Chumvi yenyewe imelowa na hii hali ya hewa. Tikisa tena."

Alitikisa tena, kwa chumvi ya pakiti mpya. Ikaganda. Nassir alitazama simu yake, akasema gari linasubiri na dereva si wa kwake. Kwenye karatasi ya mzigo palikuwa na mstari umeandikwa Unyevu, na chini yake, Saini ya Mtunza Ghala. Ziada aliandika "safi", akasaini. Njiani kurudi nyumbani alijiambia kwamba walimu watayaanika. Alijua vizuri kwamba shule ile haina hata turubai moja.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Mahindi yalipelekwa mashineni yakakobolewa, watoto wakaanza kula makande, na pumba zikauzwa kwa bei poa. Ziada alinunua madebe mawili kwa ajili ya bata wake. Alikuwa na bata tisa. Walikufa wote ndani ya siku nne, wakipepesuka na kupindisha shingo. Majirani wakasema ni kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku kwanza, na yeye akasema ni kideri, tena kwa sauti ya juu, ilhali kuku wake waliokula pumba zilezile walikuwa bado wanachakura uani. Tangu Jumatatu ya wiki hii alikuwa amemzuia mjukuu wake, Mwanvua wa darasa la pili, asiende shule. Tumbo linamuuma, aliwaambia watu. Mtoto mwenyewe alikuwa anaruka kamba siku nzima.

Leo ilikuwa Ijumaa, siku ya uzinduzi.

Karibu saa nne pikipiki ilisimama nje. Aliyeshuka alikuwa Saning'o, mfugaji wa huko bondeni, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye hununua pumba za ndama wake kwenye mashine hiyohiyo. Mkononi alishika ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Nailantei. Za nyumbani?"

"Si nzuri." Aliiweka ndoo chini, akafunua. Ndani palikuwa na ini. Ziada alikuwa ameona maini mengi maishani mwake, ya mbuzi na ya ng'ombe, lakini hakuwahi kuona la rangi ile. Lilikuwa la njano, gumu, limejaa vipele. "Ndama wangu huyu. Wa tatu. Mimi nimepasua ng'ombe wengi, mama, wa ndigana, wa kimeta, wa njaa. Hii siijui. Hii kala kitu."

"Umelipeleka kwa nani?"

"Jana kwa mtendaji. Hata hakuangalia. Akaniambia ninyi wafugaji kila siku ni kesi na wakulima, kama unataka fidia kalete barua." Alifunika ndoo polepole. "Sikuja kwa ndama. Nailantei macho yake yamekuwa namna hii."

Nailantei alikuwa binti yake wa darasa la nne. Alitembea saa moja na nusu kila asubuhi kuja shule, na kwa sababu ya ule mwendo wapishi walimpa sahani mbili. Sasa alikuwa amelala zahanati, tumbo limejaa, mama yake Naanyu amempakata. Zahanati walikuwa wameandika apelekwe Morogoro leo hii, na Saning'o alikuwa anasubiri gari la shemeji yake.

"Nakuuliza kitu kimoja tu," alisema. "Ndama kala pumba. Mtoto kala shuleni. Mahindi ni yaleyale?"

Ziada aliitazama chupa dirishani. Angeweza kusema aende akaulize shule. Angeweza kusema homa ya manjano iko nyingi siku hizi.

"Ni yaleyale."

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

 Saning'o hakupandisha sauti, wala hakutukana, na Ziada alitamani sana angetukana. Alichukua ndoo yake, akapanda pikipiki. Kabla ya kuondoka alisema, "Mjukuu wako yuko nyumbani?" Ziada aligeukia dirisha. Mwanamume yule akaitikia kwa kichwa kana kwamba amejibiwa, akaondoka.

Alifunga ghala, akauviringisha ufunguo kwenye pindo la kanga na kuupachika kiunoni, akachukua chupa yake na kushika njia ya shuleni karibu mbio.

Shule ilikuwa imepambwa. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa mbichi, turubai la kukodi lilisimamishwa kiwanjani, viti vya plastiki vimefungwa vitambaa vya bluu. Nassir alikuwa amevaa koti la suti juu ya kanzu, anamwelekeza fundi wa spika. Karibu yake alisimama Beda, mtendaji wa kijiji, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa na simu mbili, zote zikiita.

"Shikamoo mama," Beda alisema bila kumtazama.

"Marahaba. Nassir, Beda, msipike leo. Mtoto wa Saning'o anapelekwa Morogoro, macho yamekuwa manjano. Ndama wake watatu wamekufa kwa pumba za mahindi haya. Bata wangu wamekufa wote. Na chumvi hii hapa, angalieni wenyewe."

Nassir aliisukuma chupa kwa mgongo wa mkono. "Mama Chumvi, leo? Yaani leo? Bata walikufa kwa kideri, umesema mwenyewe, tumekusikia mtaa mzima."

"Kideri hakiui bata kikaacha kuku. Hata wewe unajua."

"Mimi najua mgeni rasmi ameshapita Dumila. Bado nusu saa."

"Ile sumu ya kuvu haiishi kwa kuchemsha. Yule bwana shamba alituambia sote, na wewe ulikuwepo. Mpike wali, mpike chochote."

"Wali wa nani?" Nassir alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye haraka. "Huu ni uzinduzi wa makande. Bango limeshaandikwa."

Beda alimaliza kuongea na simu moja. Alikuwa na upole wa ofisini, ule unaomfanya mtu ajione msumbufu. "Mama, mimi nakusikiliza. Lakini una cheti cha maabara? Una barua ya daktari? Maana hapa kwangu nina karatasi moja tu kuhusu mahindi haya." Alifungua faili, akageuza kurasa mbili. "Unyevu: safi. Hii saini si yako?"

Ilikuwa yake, ile Z kubwa yenye mkia.

"Ni yangu. Niliandika uongo."

"Basi mama, ukisema hivyo kwa sauti unajitafutia kesi mwenyewe," Beda alisema, tena kwa huruma ya kweli. "Hafla iishe, mgeni aondoke salama, Jumatatu tukae kama kamati."

Mwalimu mkuu, Mwalimu Lukasi, alimwambia hayohayo kwa maneno machache zaidi, akiwa mlangoni mwa ofisi yake. Nyuma yake, kwenye meza, binti yake mdogo aliyevaa sare ya shule alikuwa anakula chapati mbili na chai ya maziwa.

Ziada aliziona zile chapati, akakaa nazo kichwani mpaka alipofika jikoni.

Wanafunzi walikuwa wameshapangwa foleni mbele ya jiko, sahani mkononi, wakifundishwa kuimba wimbo wa kumpokea mgeni. Aliwatazama mmoja mmoja. Mapacha wa Nassir hawakuwepo. Mtoto wa Beda wa darasa la tatu, yule mwenye miwani, hakuwepo. Wa mwenye mashine ya kukoboa hawakuwepo, wala wa mwekahazina wa kikundi. Kumbe hakuwa peke yake. Wiki nzima alikuwa akiona aibu akidhani yeye ndiye anayejua na kunyamaza, kumbe matumbo yalikuwa yanauma nyumba nyingi, na zote ni nyumba za watu wa faili, wenye vyeo kijijini. Waliobaki kwenye foleni walikuwa watoto wa watu ambao hakuna aliyewaambia kitu. Hasira ilimpanda, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Mwanvua anaendeleaje na tumbo?" aliuliza Magreti, mpishi mkuu, akikoroga sufuria la kwanza kwa mwiko mrefu. Walisoma pamoja zamani hapohapo. Mwanawe wa mwisho, Frank, alikuwa wa nne kwenye foleni, anacheza ngoma kwa kijiko.

"Magreti, umetia chumvi?"

"Bado. Natia mwisho, maharage yasigome kuiva."

Pakiti za chumvi zilikuwa juu ya kinu, kumi za nusu kilo, matumizi ya mwezi mzima. Ziada alichana ya kwanza kwa meno, akaimimina yote sufuriani. Ya pili. Ya tatu.

"We Ziada! Umerogwa?"

"Mwanvua haumwi," alisema akiendelea kuchana. "Nimemficha. Nassir amewaficha wake, Beda amemficha wake, wa mwalimu mkuu anakula chapati humo ofisini. Mahindi yana sumu, Magreti. Mimi niliyasaini. Nailantei yuko njiani kwenda Morogoro."

Magreti aliinua macho, akatafuta kwenye foleni. Aliwapitia watoto mpaka mwisho, midomo ikicheza kama anayehesabu, kisha akamtazama Frank.  Aliweka mwiko chini, akachukua pakiti mbili zilizobaki karibu naye, akazichana na kuzimimina kwenye sufuria la pili, akakoroga vizuri mpaka chini.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu, na hotuba yake ilihusu kizazi chenye afya. Mila ya uzinduzi ni mgeni kuonja kwanza. Akaletewa sahani ya maua, akachota kijiko kilichojaa kwa ajili ya wapiga picha, akatia mdomoni. Simu zote zilikuwa juu. Alijaribu kumeza, haki yake asinyimwe, alijaribu. Macho yalimtoka, akainama pembeni ya kiti na kutema kwenye kitambaa cha bluu. Mtoto mmoja wa mbele akacheka, na kicheko kikaenda foleni nzima. Hakuna mtoto aliyekula makande siku ile. Waligawiwa biskuti za wageni, kila mmoja nusu.

Saa nane mchana Ziada alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji. Mbele yake Beda alikuwa na karatasi ya maelezo, ameshajaza juu: jina, umri, kazi, kosa. Kwenye kosa alikuwa ameandika kuharibu kwa makusudi chakula cha wanafunzi. Magreti alikuwa ameshafukuzwa kazi bila karatasi, kwa mdomo tu. Nje, mgambo mmoja alilala mlangoni na kofia usoni.

"Mama, hili tulimalize kistaarabu," Beda alisema. "Unaandika kwamba ulikuwa na ugomvi na mwenyekiti. Basi. Unaomba radhi, unapumzika nyumbani."

Simu ya Ziada iliita. Namba ya Saning'o. Aliipokea akasikia kwanza mlio wa magari na wauza nyanya wakiita abiria.

"Mama."

"Nakusikia, baba. Mmefika wapi?"

"Dumila."  Nyuma yake mwanamke alikuwa analia kwa lugha ya kwao, kilio cha chini kisichopanda wala kushuka. "Hatuendi tena mbele. Tumegeuza gari."

Akakata. Ziada alibaki ameishika simu sikioni. Alimwona kimawazo Nailantei na zile sahani zake mbili. Machozi yalimtoka yenyewe, na hakuyafuta.

"Amekufa," alisema. "Mtoto wa Saning'o."

Beda aliweka kalamu mezani. Kwa muda alionekana kijana mdogo sana. Kisha akavuta pumzi, akaichukua tena. "Pole sana, mama. Lakini kifo kina sababu nyingi. Wale wanakunywa maji ya mtoni, wanakunywa maziwa mabichi..."

"Andika."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba chumvi iliganda mara mbili na mimi nikaandika safi. Andika Nassir alikuwa amesimama pembeni. Andika bata tisa, ndama watatu, mtoto mmoja. Andika kwamba mjukuu wangu nilimficha nyumbani wiki nzima na wa wenzangu nikawaacha waendelee kula." Sauti yake ilikuwa imetulia sasa. "Halafu andika wa kwako. Darasa la tatu, mwenye miwani. Leo amekula wapi?"

"Hilo halihusiani na kosa."

"Andika. Nikiona limeandikwa, nasaini palepale. Safari hii nasoma kwanza."

Kalamu haikusogea. Mlango ulisukumwa, Nassir akaingia amevua koti, jasho limemlowesha kanzu. Hakumsalimia mtu.

"Ufunguo wa ghala," alisema. "Lori la Mikumi limekuja. Shule za kule hawana habari ya haya mambo, na mzigo una karatasi yake tayari."

Ziada aligusa pindo la kanga kiunoni. Hakusimama.

"Mtoto amekufa, Nassir."

"Nimesikia. Inna lillahi. Ufunguo, mama."

"Nautoa maelezo yangu yakishaandikwa yote. Muulize Beda, kalamu anayo yeye."

Nassir alimtazama Beda, Beda akatazama karatasi. Hakuna aliyethubutu kumgusa mwanamke wa umri ule kiunoni mchana kweupe, hata mgambo. Nassir alitoka nje akapiga kelele aitwe mtu mwenye nyundo.

Haukupita muda wakaanza kusikia chuma kikigongwa kule ghalani. Beda alikunja karatasi, akaikunjua, akaiweka tena mbele yake, mistari yote ya chini ikiwa mitupu. Ziada alisogeza benchi karibu na meza, akakunja mikono na kusubiri. Kufuli lile alilinunua mwenyewe Morogoro, la chuma kizito, na mpaka jua linaanza kushuka walikuwa bado wanaligonga.